Kikombe cha kila Ijumaa: kuhusu kuongeza kulanti kwenye injini ya boti

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Mikindani na nina mashua ya mbao yenye injini ya dizeli ya ndani, silinda tatu, inayopozwa kwa maji matamu ya mzunguko pamoja na maji ya bahari. Huenda Msimbati kuchukua samaki kwa wavuvi na kuwaleta soko la feri, Mtwara mjini. Tangu Januari, miezi sita sasa, kijana wangu wa injini hufungua kifuniko kila Ijumaa asubuhi na kukuta maji yamepungua kiasi cha kikombe cha chai, naye huongeza maji ya kisima mpaka mdomoni. Injini haijawahi kuchemsha. Juzi nimenunua dumu la lita tano la kulanti ya kijani, ile dawa ya kutia kwenye maji ya kupozea injini, ila nakumbuka iliyokuwamo siku nilipoinunua mashua ilikuwa nyekundu. Dumu lenyewe limeandikwa kuwa ni dawa ya kuzuia maji yasigande kwa baridi, na huku kwetu barafu tunaiona ndani ya makasha ya samaki tu. Je, ninaihitaji kweli? Na nikiiongeza juu ya hiyo iliyomo nitaharibu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili, na ndani ya maelezo yako limo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu: kikombe hicho cha kila Ijumaa kinakwenda wapi? Tangi la dizeli hupungua kwa sababu mafuta yanaunguzwa, na hata oili injini nzima huila kidogo kidogo; lakini maji matamu yanayozunguka ndani ya injini ya namna yako yamefungiwa humo, hayaunguzwi wala hayaliwi. Yakipungua, yametoka, na yalikotoka lazima pajulikane. Kwa hiyo naomba dumu lako la kijani libaki limefungwa mpaka umalize kusoma.

Kwanza tuelewane kuhusu njia za maji, maana zipo mbili na wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya maji ya bahari: hupita kwenye chujio, huvutwa na pampu yenye impela ya mpira, yaani kigurudumu cha mapanga, huingia katika vijibomba vyembamba vya kibadilisha joto, kisha hutemwa nje pamoja na moshi wa eksozi. Njia ya pili ni ya maji matamu, ambayo husukumwa na pampu nyingine kuzunguka silinda na silinda hedi, na thamostati, yaani vali inayofunguka yenyewe maji yakipata moto, ikishafunguka hupita nje ya vile vijibomba na kuyakabidhi maji ya bahari joto lake. Maji haya mawili hukaribiana kwa unene wa ukuta wa kijibomba tu, na hayapaswi kukutana hata tone. Waliounda mfumo huu hawakutaka makuu. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na yakipashwa moto kupita nyuzi 60 hivi huanza kuacha magamba kwenye kuta za injini, na ndiyo maana injini inayopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja hulazimika kuendeshwa ikiwa na joto dogo kuliko ambalo dizeli ingelipenda. Yako, kwa kuwa ndani yake mna maji matamu, inaweza kufanya kazi kwenye nyuzi 75 hadi 85 bila shida.

Sasa turudi kwenye kikombe. Maji yakipata joto hutanuka. Kutoka kwenye joto la asubuhi la nyuzi 25 mpaka nyuzi 85 za injini iliyoshika kazi, mchanganyiko wa maji na kulanti huongezeka ujazo kwa kiasi cha asilimia tatu hadi nne. Injini ya ukubwa wa yako hubeba lita tano hivi. Piga hesabu: unapata mililita 150 hadi 200, nacho ndicho kikombe cha chai. Kijana wako anapojaza mpaka mdomoni Ijumaa asubuhi injini ikiwa baridi, maji hayo yakitanuka hayana pa kwenda. Husukuma springi ya kifuniko na kutoka kwa kijimpira cha pembeni. Ikiwa kijimpira hicho kinaingia kwenye chupa ya akiba iliyo salama, maji husubiri humo, na injini ikipoa huyavuta tena ndani. Lakini mashua nyingi nilizozipanda kati ya Mikindani na Kilwa chupa hiyo ilikwishapasuka siku nyingi, na kijimpira kinaning'inia tu juu ya ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo panapokusanyika maji. Maji yakitemwa, yametemwa. Huchanganyika na maji ya ngama na kutupwa baharini pamoja nayo. Ijumaa inayofuata kijana anafungua, anakuta kikombe kimepungua, anajaza tena mpaka mdomoni, na injini inatema tena.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako kwa yakini, maana sijaiona mashua. Nasema kwamba upungufu wako ni wa kiasi kilekile kila wiki, haukui, injini haichemshi, na kipimo chake kinalingana mno na kutanuka kwa maji. Tundu halisi lina tabia nyingine: leo kikombe, mwezi ujao vikombe viwili, na safari ya kwenda Msimbati mkiukabili upepo wa kusi na injini imebeba mzigo hupoteza maji mengi kuliko safari ya kurudi. Kwa hiyo kabla ya kumshuku mtu au gasketi ya silinda hedi, tafuta ile chupa. Ikiwa haipo, nunua; hata ya gari hufaa, mradi kijimpira kifike chini kabisa ndani yake, kwa sababu kikiishia juu ya maji, injini ikipoa itavuta hewa badala ya maji.

Lakini hata kama injini ni nzima kabisa, hiyo miezi sita ya maji ya kisima imefanya jambo. Kila wiki kimetoka kikombe cha mchanganyiko na kikaingia kikombe cha maji matupu; yaani, kwa kikombe cha mililita 200, kila wiki asilimia nne ya dawa iliyobaki imekwenda zake. Baada ya wiki 26 inabaki kama thuluthi tu ya ile ya mwanzo. Kama ulipoinunua mashua mlikuwa na kulanti nusu na maji nusu, leo mna asilimia kama 17, na rangi nyekundu uliyoikumbuka sasa huenda imekuwa ya maji ya ubuyu yaliyozimuliwa. Uji uliochotwa kikombe na kujaziwa maji kila siku huonekana kwa macho kuwa umekuwa mwepesi. Kulanti haionyeshi waziwazi hivyo, kwa kuwa rangi, hata ikififia, hubakia muda mrefu baada ya nguvu kwisha.

Na maji yenyewe ya kisima si maji matupu. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, uleule ambao wazee waliuchoma kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mikindani. Chungulia ndani ya birika la nyumbani kwako: ukoko mweupe uliogandamana chini ndio huohuo unaojengeka nyuma ya silinda, tena hujengeka zaidi mahali penye moto zaidi, yaani kuzunguka vali za moshi kwenye silinda hedi. Chokaa haipitishi joto vizuri, hivyo geji inaweza kuonyesha nyuzi 80 za kawaida huku chuma kilicho nyuma ya ukoko kinaungua. Visima vya karibu na ufuo huwa pia na chumvi, na chumvi hula aluminiamu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Jina lililoandikwa kwenye dumu linakudanganya kwa sababu limetungwa katika nchi ambazo maji hupasua injini usiku wa baridi. Ni kweli kwamba glikoli, ambayo ndiyo mwili wa kulanti, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, na kazi hiyo Mtwara haina mteja. Lakini dumu hilo lina kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni dawa za kuzuia kutu zilizotiwa ndani ya glikoli. Injini yako ina chuma cha kusubu, aluminiamu, shaba na lehemu, vyote vimelowa maji yaleyale ya moto; bila dawa, vyuma hivi hulana, na maji hugeuka rangi ya matope mekundu ambayo huziba vijibomba. Dawa hizo hizo hulinda sili ya pampu, yaani kile kizuizi cha maji yasivuje. Ya pili ni kupandisha kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 hivi ukiwa wazi, na ukiwa chini ya kifuniko kizima chenye shinikizo la baa 0.9 hupita nyuzi 120. Faida hiyo ina maana kubwa zaidi kwetu sisi wa joto kuliko kwa watu wa barafu, kwa sababu mfuko wa plastiki ukinasa kwenye tundu la kuvutia maji ya bahari, tofauti hiyo ya nyuzi chache ndiyo inayompa nahodha dakika za kuona geji ikipanda kabla maji hayajawa mvuke.

Wapo wanaosikia habari hizi wakaenda kujaza kulanti tupu bila maji, wakidhani kwamba dawa ikizidi ndiyo nzuri. Wazungu wenyewe walipita njia hiyo. Katika miaka ya 1930 injini ya ndege ya Rolls-Royce Merlin ilipozwa kwa glikoli tupu, kwa kuwa glikoli tupu huchemka kwenye nyuzi 197. Baadaye wakarudi kwenye maji asilimia 70 na glikoli asilimia 30 chini ya shinikizo. Sababu ni kwamba maji ndiyo yanayobeba joto. Glikoli tupu hubeba zaidi kidogo ya nusu ya joto linalobebwa na maji ya uzito huohuo. Kwa injini ya boti katika nchi yenye joto, nusu kwa nusu inatosha, na thuluthi moja ya kulanti kwa thuluthi mbili za maji ni kiwango cha chini ambacho singekubali kishuke, kwa sababu chini ya hapo dawa za kutu huwa chache mno kwa ujazo wa maji.

Swali la pili, la rangi. Rangi ni wino tu, na kila kiwanda hutia wino wake. Hakuna sheria ya dunia inayosema nyekundu ni hii na kijani ni ile. Kinachotofautisha kulanti ni aina ya dawa ya kutu iliyomo. Zile za zamani, ambazo aghalabu zilitiwa kijani au buluu, hutumia dawa za silika na chumvi nyingine za madini, nazo huchoka baada ya miaka miwili hivi. Za kisasa hutumia asidi za kikaboni, mara nyingi hutiwa nyekundu au chungwa, na hudumu mpaka miaka mitano. Ukizichanganya aina hizi mbili injini haitalipuka, lakini dawa zake zinaweza kudhoofishana, na mara nyingine silika hujitenga na kuwa kama uji mzito unaoziba vijibomba. Kwako wewe mjadala huu hauna haja kubwa, kwa kuwa sikushauri uongeze kulanti juu ya hiyo iliyomo hata kama rangi zingelingana. Iliyomo imekwisha. Imwage yote, safisha, ujaze upya. Baada ya hapo utajua ni kitu gani kimo ndani, na kila utakapoongeza utaongeza hichohicho.

Kabla ya kujaza, jiridhishe kwamba ulichouziwa ni kulanti. Soma dumu: limeandikwa kwamba ni ya kuchanganywa, au imekwisha kuchanganywa tayari? Ikiwa tayari, usiitie maji hata tone. Ikiwa maandishi hayasemi lolote, ipime kwenye mizani. Glikoli ni nzito kuliko maji, na maji yaliyotiwa rangi ya kijani hayana uzito zaidi ya maji. Chukua chupa tupu ya lita moja na nusu, ijaze maji mpaka alama uliyoichora, ipime kwenye mizani ya umeme ya wauza samaki pale feri, uandike. Imwage, ikauke, ijaze kulanti mpaka alama ileile, upime tena. Kulanti tupu ya glikoli ya ethilini itazidi maji kwa gramu 160 hivi; iliyochanganywa nusu kwa nusu itazidi kwa gramu 100 hivi; na ukikuta gramu kumi au ishirini, umenunua rangi. Kipimo hiki hakifai kwa kulanti ya glikoli ya propilini, ambayo ni nyepesi, lakini hiyo dumu lake hujitangaza kwa sababu ni ghali. Chupa uliyopimia iharibu palepale kwa kisu. Sababu nitaieleza mwishoni.

Kazi ya kumwaga na kujaza ifanye mashua ikiwa inaelea. Nasisitiza hili kwa sababu huku kwetu kazi za injini hufanywa maji yakipwa, chombo kimelala ubavu mchangani, na fundi anaona raha kukanyaga ardhi. Kwa oili na kwa maji ya injini hali hiyo ni ya uongo: injini imeinama, kiwango unachokiona mdomoni si kiwango, na hewa hujikusanya kwenye kona ya silinda hedi iliyo juu, ikabaki humo kama puto. Bamvua likijaa na chombo kikasimama sawasawa, hewa hiyo huhama na wewe unadhani maji yamepungua. Nimewahi kuitwa mara mbili na mtu mmoja kwa "maji yanayopotea usiku", kumbe usiku ndio maji ya bahari yalipokuwa yanajaa.

Injini iwe imelala usiku kucha. Kovu lililo juu ya kiganja changu cha kushoto nililipata nikiwa mwanafunzi wa ufundi, kwa kufungua kifuniko cha injini ambayo "imepoa kidogo". Maji yaliyo chini ya shinikizo yana joto la kupita nyuzi 100 na bado ni maji. Ukiondoa kifuniko, papo hapo hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Ukishika kifuniko weka kitambaa kinene juu yake, kizungushe robo mpaka kizuizi cha kwanza, sikiliza, na kikilia fyuuu usiendelee. Kikinyamaza, kikandamize na ukitoe. Hapohapo kitazame: mpira wake uwe laini usio na nyufa, na springi irudi kwa nguvu ukiibonyeza. Kifuniko kilichochoka hutema maji hata kama chupa ya akiba ipo. Kibadilishe kwa chenye namba ileile iliyoandikwa juu yake, wala usikubali cha namba kubwa zaidi eti kiwe imara, kwa sababu mipira na vijibomba havikuundwa kwa shinikizo hilo.

Weka ndoo chini ya koki ya kumwagia iliyo ubavuni mwa injini, na nyingine chini ya kibadilisha joto kama nacho kina koki yake. Kinachotoka kipime kwa lita, ukilinganishe na ujazo ulioandikwa kwenye kitabu cha injini. Tofauti ndiyo iliyobaki ndani. Kitazame pia. Ukiona mafuta yanaelea kama macho ya mchuzi, simama, maana hilo ni suala jingine nitakalolitaja. Kama ni matope mekundu tu, funga koki, jaza maji safi, endesha mpaka mpira unaokwenda kwenye kibadilisha joto uwe moto kwa kuugusa, ambayo ndiyo dalili kwamba thamostati imefunguka, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Mara ya mwisho tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Lakini soma chupa, kwa sababu wapo wauzaji wanaoita asidi na maji kwa jina moja la maji ya betri, na asidi ndani ya injini ni msiba. Kwa sababu hiyohiyo usimsikilize anayekuambia utie malimau au siki kuondoa ukoko, labda kama anajua ni kiasi gani na kwa dakika ngapi.

Sasa kujaza. Kwa kuwa maji kidogo hubakia ndani hata koki ikiwa wazi, ukichanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo na kumimina utaishia na chini ya nusu. Njia nzuri, ikiwa kulanti yako ni ya kuchanganywa, ni kumimina kwanza kulanti tupu nusu ya ujazo wa injini, kwako lita mbili na nusu, kisha kumalizia kwa maji yaliyotoneshwa. Mimina polepole, ukiminyaminya mipira kwa mkono ili hewa itoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, iungurume taratibu bila mzigo kwa dakika kumi au kumi na tano. Thamostati ikifunguka utaona kiwango kinashuka ghafla na mapovu machache yanatoka. Ongeza, na mapovu yakikoma funga kifuniko. Kama una chupa ya akiba nzima, jaza injini mpaka mdomoni na chupa iwe kati ya alama mbili. Kama bado huna, acha nafasi ya vidole viwili chini ya mdomo, na umkataze kijana asiizibe nafasi hiyo; ni mahali pa maji kutanukia.

Baada ya hapo chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa, na usiongeze chochote kwa wiki mbili. Kiwango hupimwa alfajiri, kabla ya kuwasha, chombo kikielea. Nina matumaini kwamba mstari utabaki pale pale.

Usipobaki, ndipo tunaanza kutafuta. Tandika makaratasi au kipande cha boksi chini ya injini usiku, kwa sababu kulanti huacha doa la rangi ambalo maji ya ngama hayaachi. Tazama chini ya pampu ya maji matamu: pana kitundu kidogo ambacho kiliwekwa makusudi ili sili ikichoka itoe tone hapo, ukiona michirizi, pampu inaomba sili. Kaza klipu za mipira. Kama nje ni kukavu, maji yanatokea ndani, na yana milango mitatu. Yanaweza kuingia kwenye silinda kwa gasketi iliyoungua: moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na mapovu yasiyokoma mdomoni injini ikinguruma. Yanaweza kuingia kwenye oili: kijiti cha oili kinatoka na kitu kama chai ya maziwa, na hapo usiiwashe tena hata kwa safari ya kurudi nyumbani. Au yanapita kwenye kijibomba kilichotoboka cha kibadilisha joto na kutemwa baharini kupitia eksozi, bila alama yoyote ya nje, kwa kuwa upande wa maji matamu ndio wenye shinikizo kubwa injini inapofanya kazi. Hili la mwisho ndilo ninalolikuta zaidi katika maji yetu, hasa kwa wanaosahau zinki, kile kipande kinachowekwa ili kiliwe na kutu badala ya vyuma vingine. Kibadilisha joto kinafunguliwa, upande mmoja unazibwa, kinatiwa upepo kidogo usiozidi ule wa kifuniko na kuzamishwa kwenye beseni, kama anavyofanya mziba pancha wa baiskeli. Mapovu yatakuonyesha kijibomba. Na zinki iliyo kwenye bolti yake upande wa maji ya bahari ibadilishwe ikiliwa nusu, isisubiriwe kwisha.

Ikitokea geji imepanda mkiwa njiani, punguza mwendo na utazame eksozi kama inatema maji. Haitemi: tia nanga kwanza, maana mkondo hauwasubiri mafundi na upande wa nchi kavu ni miamba, kisha zima ushughulikie chujio na impela. Inatema: yaelekea maji matamu ndiyo yamepungua, nayo hayaongezwi mpaka injini ipoe saa nzima au zaidi, kwa sababu maji baridi juu ya chuma cha moto hupasua silinda hedi. Hapo maji ya kunywa yanafaa kwa kufikia bandarini, mradi yabaki ya watu. Maji ya bahari ni ya mwisho kabisa, na yakiingia injini isafishwe siku hiyohiyo mnapofika.

Limebaki lile la chupa. Glikoli ya ethilini ni sumu yenye ladha tamu. Kiasi cha mililita 100 za glikoli tupu kinaweza kumwua mtu mzima, na kwa mtoto hata kiasi kidogo kuliko hicho. Mwanzoni anayeinywa huonekana kama amelewa, kisha figo hufa. Mtu akiinywa hata funda moja, msisubiri dalili: mkimbizeni hospitali ya Ligula pamoja na dumu lenyewe ili daktari aone ni kitu gani, maana dawa ipo na hufanya kazi ikiwahi. Kwa hiyo nusu ya dumu itakayobaki isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kamwe, na usiiweke chomboni karibu na dumu la maji ya mabaharia. Ile ya zamani uliyoimwaga isiachwe kwenye beseni ufuoni, ambako mbuzi na paka hufuata utamu, wala isimwagwe ngamani; ifunge kwenye dumu lake uipeleke gereji inayokusanya oili chafu.